Alama Mbili za Kufikia Ngazi

Majitamu, Kisiwa cha Providencia
9 Novemba 1994

Kaka Alston,

Barua hii natumaini itakukuta mzima, huko wakala wenu wa Cartagena atakakoituma. Sisi huku tupo. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi na nguo za kufua, mengine yote hayana neno. Shangazi Eusebia ametimiza miaka tisini na moja, na wiki iliyopita alimfukuza mchungaji kibarazani kwa sababu alimwambia anaonekana mchovu. "Mchovu ni wewe unayehubiri saa mbili nzima," akamjibu, na mlango akaufunga. Binti yangu Joycelin amejifungua salama kule San Andrés, mtoto wa kike, ana vidole virefu kama vyako. Mvua imekuwa nyingi, shelisheli zinaanguka zenyewe, tunazila mpaka tumeanza kuzichukia.

Sasa jambo langu. Nimepata barua kutoka Medellín, kwa daktari anayeitwa Ospina. Miaka ishirini iliyopita, akiwa kijana, alikuja hapa na baba yake, na Baba yetu akawapeleka kwenye mwamba wake wa siri, Ngazi. Anasema tangu siku ile amepiga mbizi bahari nyingi na hajaona mwamba mwingine kama ule. Anataka kuja wiki ya baada ya Pasaka na wenzake wanane. Asubuhi wapige mbizi, jioni wavue, watachukua vyumba vyote sita. Sharti lao ni moja tu, wapelekwe Ngazi.

Hali ya nyumba hii ya wageni unaijua. Tangu ulipoondoka, wageni wangu ni wavuvi wachache na wapenzi wawili wawili wanaotosheka na miamba ya karibu, na kila mwaka wanapungua. Kuna bwana mmoja wa San Andrés anataka kununua eneo lote ajenge hoteli. Nimemwambia nitampa jibu baada ya Pasaka. Kina Ospina wakiiona Ngazi watarudi kila mwaka na wenzao, nami nitamwambia bwana huyo hapana. Wasipoiona, sina hapana ya kumpa.

Ngazi unaijua wewe peke yako. Baba alikuonyesha alama zake, na baada yako hakuna mwingine. Niandikie alama hizo. Mashua ya Baba ipo, mashine inawaka, jirani yetu Linval Britton atapiga mbizi na mimi nitashika usukani. Usicheke.

Mdogo wako,
Verlinda


Colón
14 Desemba 1994

Mdogo wangu Verlinda,

Mwandiko huu si wangu. Kamba imenichuna kiganja, kwa hiyo mwenzangu mmoja wa meli ananiandikia ninayomtamkia, na leo itabidi niwe na adabu kuliko nilivyozoea. Zaidi ya kiganja sina tatizo. Chakula cha meli ni kibaya vilevile. Wiki nzima nimekuwa nikiwaza sufuria ya rondoni yako, samaki, muhogo na shelisheli vikitokota kwenye tui zito, na wewe unaniambia mmezichukia! Mbusu mtoto wa Joycelin. Shangazi Eusebia mwambie mchungaji alikuwa na haki, nasubiri atakachonijibu.

Uliniambia nisicheke. Nilicheka, kisha nikaacha. Nilikumbuka ulipokuwa na miaka kumi na miwili, Baba amelala na homa, ukaitoa mashua peke yako kwenda kumchukua mganga Santa Catalina, ukarudi naye ametapika mpaka nyongo, wewe mwenyewe mkavu. Miaka kumi na moja umeiendesha nyumba ya wageni bila kaka wa kukubebea hata mtungi mmoja wa hewa. Mabaharia wenzangu nawasimulia habari zako mpaka wananiambia nimezidi. Mtu wa kushika usukani ule ni wewe, sina shaka.

Lakini alama za Ngazi haziandikwi, Verlinda, wala hazisemwi nchi kavu. Baba alinionyesha tukiwa majini, siku tatu tofauti, kwa kidole tu, na siku zote tatu hakufungua mdomo. Mama mwenyewe hakuzijua, na walilala kitanda kimoja miaka arobaini na miwili. Barua zinapotea, barua zinafunguliwa na watu. Nitakuja Februari nikuonyeshe mwenyewe, kwa kidole, kama inavyotakiwa.

Nyumba ya Mama ikoje? Nikifumba macho naiona ilivyokaa kule juu kwenye nguzo zake za mawe, na paa lake jekundu. Niambie chochote kuihusu.

Kaka yako,
Alston


Majitamu
11 Januari 1995

Kaka Alston,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa wengi, tukala kaa na mkate wa nazi mpaka Shangazi Eusebia akasinzia na kijiko mkononi. Nilipomsomea ulichosema kuhusu mchungaji, alisema: "Mwambie huyo Alston aje ayaseme hapa mbele yangu, nimuonyeshe mchovu ni nani." Mbio za mashua tumeshindwa na watu wa kijiji cha Bottom House, tena vibaya, na wametuzomea kwa nyimbo mpaka darajani. Nahodha wetu alikuwa Linval. Amelaumu upepo, amelaumu tanga, sasa amefika kwa mkewe, eti alimpa uji mzito asubuhi ile.

Nyumba ya Mama ni nzima. Nimeipaka rangi, na paa ni jekundu vilevile.

Februari, umesema. Mwaka juzi ulisema Agosti, na mwaka wa kabla yake ulisema Krismasi, na kitanda chako nilikitandika mara zote mbili. Sikulaumu, bahari ndiyo kazi yako. Ila Pasaka haitamngoja baharia. Yule bwana wa San Andrés amekuja tena, safari hii na fundi mwenye kamba ya kupimia, na wamepima mpaka banda la mitungi yangu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, mkono umeshika ufagio, na nilitamani niutumie.

Wewe unasema alama hazisemwi nchi kavu. Sawa. Baba alizificha akakuachia wewe. Wewe ukipatwa na jambo huko ulipo, zitabaki kwa nani? Kwa samaki? Ngazi aliipata babu yetu, akaitunza Baba, na sasa itapotea kwa sababu wanaume wa nyumba hii wanaona haya kumwambia mwanamke mahali mwamba ulipo. Kama huji, andika. Kama huandiki, sema wazi kwamba huniamini, nijue.

Huyo mwenzako wa meli ana mwandiko mzuri. Wa kike kabisa.

Verlinda


Colón
4 Februari 1995

Verlinda mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na makofi yako yamefika. Nimeyapokea yote mawili. Huyu anayeniandikia anakusalimu, na anasema ahsante kwa kuusifu mwandiko wake.

Siji Februari. Ratiba ya meli imebadilika, tusilizungumze.

Nakuamini. Sijawahi kumwamini mtu kama ninavyokuamini wewe, na nimeaibika kwamba ulilazimika kuuliza. Jana nilimwomba Baba msamaha kwa sauti kubwa, hata mwandishi wangu akashtuka na kumwaga kahawa. Kisha nikaamua hivi.

Alama ni mistari miwili. Inapokutana, chini yako ni Ngazi. Mmoja nakuandikia hapa. Wa pili hautapita posta, atakuletea kwa mkono Rudwel Taylor, baharia wa Bottom House anayerudi nyumbani mwezi huu. Hajui anabeba nini. Atakayeiiba barua moja hatakuwa na kitu.

Mstari wa kwanza. Toka upande wa magharibi mpaka mnara wa kanisa utokeze nyuma ya rasi. Nyoosha mkono. Kati ya mnara na ukingo wa rasi pawe na nafasi ya vidole viwili. Vidole vya Baba lakini, vile vinene. Kwako wewe ni vitatu. Ukiupata mstari huo usiuache, ufuate kwenda nje taratibu, ukisubiri wa pili.

Ukishaisoma barua hii, ichome. Usimsomee mtu, hata Shangazi. Hasa Shangazi.

Alston


Kwa mkono wa Rudwel
5 Februari 1995

Verlinda,

Mstari wa pili ni nyumba yetu. Ukiwa juu ya mstari wa kwanza, tazama nyuma mlimani. Pembe ya paa la Mama ikiingia katikati ya ule ufa wa Mlima Uliopasuka, zima mashine, teremsha nanga.

Sasa unajua kwa nini Baba alimwapisha Mama kwamba nyumba ile haitaongezwa wala kusogezwa, na kwa nini hakumwambia sababu.

Choma na hii.

Alston


Majitamu
19 Machi 1995

Kaka Alston,

Sote ni wazima. Mtoto wa Joycelin ameota jino. Shangazi Eusebia ameacha kutumia chumvi kwa amri ya daktari, na ameanza kuila kwa siri jikoni kwangu.

Rudwel wako alifika tarehe kumi. Alishuka San Andrés kwa siku mbili, akaanza kucheza domino, zikawa wiki tatu. Bahasha ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa shati, imelowa jasho, lakini haijafunguliwa. Nimezisoma zote mbili na nimezichoma.

Tumetoka siku tatu, mimi na Linval. Siku ya kwanza mnara ulitokeza, vidole vyangu vitatu, kama ulivyosema. Nikaufuata mstari, Linval ameketi mbele na miwani yake ya mbizi kichwani, anaimba. Sikumwambia natafuta nini nikitazama nyuma. Paa likaingia kwenye ufa, nikazima mashine. Akaruka. Alipotokeza nilimuuliza:

"Umeona nini?"

"Mchanga."

"Mchanga na nini?"

"Mchanga na mchanga mwenzake, Dada Verlinda. Kweupe kote, utadhani kumefagiliwa kwa ajili ya harusi."

Siku ya pili mchanga. Siku ya tatu mchanga na samaki taa mmoja amelala, na Linval akaanza utani wake: "Baba yenu alikuwa mtu wa maana, Mungu amrehemu, lakini sasa nadhani samaki wale alikuwa akinunua." Nilimwambia angejua kushika mstari tusingezomewa na watu wa Bottom House.

Zimebaki wiki nne. Una hakika na alama hizo? Labda umesahau, ni miaka mingi. Tena naomba unijibu swali moja, la kujifunza tu. Tuseme mtu amekosea kidogo upande wa nchi kavu, tuseme kwa mfano hatua arobaini. Hilo linaweza kuleta tofauti huko nje, au ni kitu kidogo tu?

Nijibu haraka.

Verlinda


Colón
27 Machi 1995

Verlinda,

Salamu kwa wote nyumbani. Chumvi ya Shangazi ifunge kabatini.

Hatua arobaini. Nilimwomba mwandishi anisomee mara tatu. Kwa nini zisiwe thelathini, kwa nini zisiwe mia? Mtu akitoa mfano hutoa namba yoyote, lakini wewe namba hiyo umeipima kwa miguu yako.

Umeihamisha nyumba ya Mama.

Nimekaa siku mbili sitaki kukuandikia. Miaka yote hii nikiulizwa kwetu ni wapi nilikuwa najua niitazame wapi. Nilikuwa nikiiona kule juu kwenye nguzo zake, na kumbe nilichokuwa nikikiona hakipo. Ungeniambia. Ningekasirika, ningeandika matusi, kisha ningenyamaza kama kawaida yangu. Ungeniambia, Verlinda.

Siku ya tatu hasira ilipungua nikaanza kucheka peke yangu. Baba alimficha Mama sababu. Mama akakuruhusu, maana bila ruhusa yake usingegusa hata kitasa. Nyie wawili mkanificha mimi. Siri imetunzwa vizuri na kila mtu mpaka imetupotezea mwamba mzima.

Basi sikiliza. Hatua arobaini nchi kavu, ukifika kule nje zimekuwa mwendo mrefu, hata kasa atachoka. Alama hazijakosea. Zile nguzo za mawe naamini zipo, mawe yale hayahamishwi na mtu. Katikati ya nguzo mbili za mbele, ambapo pembe ya paa ilikuwa, simamisha mlingoti. Urefu wake uwe ule wa paa kutoka ardhini, Linval anaukumbuka, aliwahi kuanguka kutoka pale akiiba maembe yetu. Juu yake funga shuka jekundu, lililotandazwa kwa kijiti lisipeperuke. Tazama shuka, usitazame nyumba.

Na ukikaribia, tumia bildi, ule uzi wa kupimia kina wenye risasi nzito mwishoni. Risasi ina tundu chini. Lijaze sabuni. Ikirudi na mchanga, songa. Ikirudi na chembe za tumbawe, subiri. Ikirudi na alama ya kugonga na haina kitu, umefika kwenye daraja la kwanza la Ngazi.

Kazi unayoifanya Baba aliifanya akiwa na wanaume watatu mashuani. Nataka ujue kwamba nalijua hilo. Usiniulize nakuja lini.

Alston


Majitamu
27 Aprili 1995

Kaka yangu Alston,

Kaa vizuri, hii ni ndefu.

Kaa weusi wameanza kushuka mlimani kwenda baharini kutaga. Barabara imefungwa kwa ajili yao, na Shangazi Eusebia ameketi dirishani anawahesabu na kuwakemea wanaosukumana. Ni mzima. Sote ni wazima.

Nianze na kosa langu. Niliihamisha mwaka themanini na saba. Mama alikuwa hawezi tena kuzishuka zile ngazi za mlimani, na alikuwa akiniambia kila siku kwamba anaisikia bahari lakini haioni kwa sababu ya miti. Siku moja akasema, nishusheni. Nikadhani anataka kubebwa. Akasema, na nyumba yangu. Tukaita watu, wakaja karibu sitini, wa Majitamu na wa Bottom House, na magogo na mitalimbo na kamba. Mama alikataa kutoka ndani. Alikaa sebuleni kwenye kiti chake, kofia ya kanisani kichwani, nyumba inavutwa inalia kila ubao, na yeye anawaongoza kwa wimbo kutoka dirishani. Akiacha kuimba, wote wanaacha kuvuta. Siku nzima hatua arobaini, na hakikuvunjika hata kikombe. Jioni alikunywa chai akitazama mawimbi yanafika karibu na kibaraza. Aliishi miezi saba zaidi, na kila asubuhi alikuwa hapo. Aliniambia, "Usimwambie Alston, nilimwapia baba yake." Nikamtii.

Uliposema paa la Mama, nilijua palepale. Niliketi jikoni na barua yako mpaka wali ukaungua. Kisha nikaenda baharini siku tatu kuipa bahari nafasi ya kunihurumia. Niliona haya, Kaka. Nisamehe.

Barua yako ya Machi ilifika Ijumaa Kuu. Kina Ospina walikuwa wanafika Jumanne. Jumamosi tukasimamisha mlingoti, Linval anapanda, mimi nashikilia chini, Shangazi anatoa amri kutoka kibarazani. Jumapili nilikwenda kanisani sikusikia neno. Jumatatu alfajiri tukatoka. Vidole vitatu. Shuka likaanza kusogea kuelekea ufa, polepole, na Linval kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuimba. Nikatupa bildi. Mchanga. Nikatupa tena. Chembe za tumbawe. Ya tatu niliisikia mkononi kabla ya kuiona, imegonga kama kisigino mlangoni, na sabuni ikarudi safi, imebonyea.

Linval akaruka. Alikaa chini muda mrefu kuliko nipendavyo. Alipotokeza alishika ubavu wa mashua.

"Vipi?"

"Subiri."

"Nisubiri nini, Linval?"

"Natafuta la kusema, Dada. Sina." Akafuta uso. "Baba yenu hakununua samaki. Nimemkosea. Nitakwenda kaburini kumwambia."

Nikafunga usukani, nikavaa miwani yake, nikaingia majini na gauni langu. Miaka hamsini na minne nimeishi kwenye kisiwa hiki na nilikuwa sijaona. Daraja la kwanza linaonekana kutoka juu, pana kama uwanja wa kanisa, la pili chini yake, la tatu limeanza kuwa buluu, kisha hakuna kitu, ni buluu tu inashuka. Chewa wakubwa wamesimama ukingoni wameangalia nje. Kuna sifongo za baharini, kubwa kama mapipa, ambazo ungeweza kumkalisha Shangazi ndani akabaki na nafasi ya kugombana. Nililia ndani ya miwani mpaka ikajaa ukungu. Nilijiuliza wewe na Baba mliwezaje kurudi kutoka mahali pale, mkakaa mezani, mkasema tupitishieni chumvi.

Kina Ospina tumewapeleka siku nne. Siku ya kwanza daktari alipotokeza alivua kifaa mdomoni akasema, "Ni vilevile," akacheka, akasema tena, "Ni vilevile." Mwenzake mmoja aliniuliza kwa nini kuna shuka moja jekundu mlimani peke yake. Nikamwambia kule nguo hukauka taratibu. Wamerudi kwao jana. Wameomba vyumba vyote kwa Pasaka ijayo na Pasaka ya mwaka wa pili, na wameacha majina ya wenzao kumi na wawili wa mwezi Novemba. Jioni ile ile nilimpa yule bwana wa San Andrés jibu lake. Aliuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri mpaka chini.

Hii ni kazi yako, Alston. Kule majini nilikuwa naisikia sauti yako katika kila hatua, na kila ulichosema kilikuwa mahali ulipokisema. Mtu anayekaa miaka kumi na moja mbali na mwamba na bado anao kichwani hivyo, sijui wa kumlinganisha naye. Nilitaka ulisikie hilo kabla sijaendelea.

Sasa zamu yako. Barua zako zinasema Colón. Stempu zote ni za Cartagena. Nilijidanganya kwamba wakala ndiye anayezipitisha. Lakini Rudwel aliponipa bahasha alibaki amesimama mlangoni, nikajua ana jambo. Aliniambia: "Nilimkuta Mjomba Alston kibarazani kwa mama mmoja mpika chakula, karibu na soko. Nikasimama mbele yake kabisa, akanitazama kama ukuta. Nilipomsalimu ndipo akanitaja jina, na la baba yangu, na la mashua yetu." Akaniambia kuhusu gesi iliyovuja chumba cha barafu cha meli, Agosti, ikakuunguza macho, na kwamba unaona mwanga na vivuli tu, na kwamba ulimwapisha asiseme. Sikuliandika Machi kwa sababu nilikuwa na nyumba yangu ya kuficha. Kamba haikukuchuna kiganja. Ulikataa kuja kwa sababu alama zinaonyeshwa kwa macho, ukaona huna cha kuja nacho.

Wewe mama unayemsomea barua hii, ahsante kwa mwandiko wako na kwa chakula unachompa. Nakuomba usiruke mstari hata akikuambia uruke.

Kaka, Linval anapiga mbizi vizuri. Mimi usukani naumudu. Lakini bildi ile mara tatu nimeitupa nikabahatisha, na Novemba wageni watakuwa kumi na wawili na bahari chafu. Baba alikufundisha kuisoma kwa kidole, kwenye uzi, kabla haijatoka majini. Hakunifundisha mimi. Kazi ile haitaki macho, na hakuna mwingine kisiwa kizima anayeiweza.

Meli ya saruji inaondoka Cartagena tarehe kumi na tisa Mei. Nahodha ni mtu wa Bottom House, nimeshazungumza naye kwa redio, atakuja kukuchukua mpaka mlangoni. Sikuulizi unakuja lini, nakuambia.

Ukishashuka gatini, usitembee kwa mazoea. Ukipanda mpaka kwenye nguzo utakuta mlingoti mtupu. Nyumba iko hatua arobaini chini, upande wa kisima. Nitasimama mlangoni nikikuita. Fuata sauti.

Verlinda